Profesa wa biashara na hesabu ya nyumbani

Clayton Christensen alianza kufundisha katika Chuo cha Biashara cha Harvard, Marekani, mwaka 1992, akiwa amekwisha kushiriki kuanzisha kampuni. Mwaka 1997 alitoa kitabu kilichompa jina duniani, akieleza ni kwa nini makampuni makubwa yanayoongozwa vyema huangushwa na madogo.

Mfano wake mmoja ni chuma. Viwanda vidogo vinavyoyeyusha chuma chakavu vilianza na nondo, bidhaa yenye faida ndogo. Viwanda vikubwa vikaviachia soko hilo bila kinyongo, vikakimbilia penye faida nono. Vidogo vikapanda ngazi kwa ngazi, hata vikubwa vikakosa pa kukimbilia.

Ndugu msomaji, mwalimu huyo hakuishia kiwandani. Alihitimu Harvard mwaka 1979, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Jeffrey Skilling wa kampuni ya Enron, aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu mwaka 2006. Wengine walirudi katika mikutano ya wahitimu wakiwa na mali, ilhali ndoa zimevunjika na watoto wamewatenga.

Chanzo, alifundisha, ni kilekile: mtu huuweka muda wake panapolipa upesi. Kazi hulipa mwisho wa mwezi. Matunda ya malezi huonekana baada ya miaka 20. Hapana mzazi anayekusudia kumpoteza mwanawe. Humwachia kidogo kidogo, kama nondo zile.

Christensen alifariki Januari 2020. Swali lake lingali mlangoni petu: jioni ya leo, saa ya mwanao imo katika hesabu?