Sukari imeshuka, pakiti nayo haifunguki

MAMA mmoja wa miaka 60 na ushei aliletwa kwangu mjini Garissa jioni moja ya mwezi wa Ramadhani, kama saa moja hivi kabla ya adhana ya magharibi. Alikuwa amelowa jasho, mikono ikimtetemeka, na kila alipoulizwa jina alijibu mambo mengine kabisa. Ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi na hutumia vidonge. Tulipompima, sukari ilikuwa 2.1, ilhali kwa mtu kama yeye tunaanza kuingiwa na wasiwasi ikishuka chini ya 4.

Tulimtilia glukosi kwenye mshipa na baada ya dakika chache akafungua macho vizuri, akauliza kama wameshaadhini. Mjukuu wake, ambaye alikuwa amekwenda sokoni kununua tende, ndiye aliyemkuta ameketi mkekani na pakiti ya juisi mapajani. Msichana huyo alikuja nayo. Kifuniko chake cha plastiki kilijaa alama za meno, lakini hakikuwa kimezunguka hata kidogo.

"Mama, ulijua kwamba sukari inashuka?" nilimwuliza.

"Nilijua, daktari. Nikasema nifungue saumu kama ulivyoniambia. Lakini hicho kidude kilikataa, na Ayeyo wako huyu hana nguvu tena."

Maneno hayo yalinichoma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wagonjwa wa kisukari waweke juisi karibu na kitanda, na sikumbuki hata siku moja niliyompa mgonjwa pakiti nikamwambia aifungue mbele yangu.

Mikono wakati wa hatari

Msomaji huenda akajiuliza, kufungua pakiti ni kazi gani hata ikaandikwa katika ukurasa wa afya? Sukari inaposhuka, mwili hutoa homoni ya adrenalini kwa wingi. Ndiyo inayoleta kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio. Ubongo, ambao hutegemea sana sukari, huanza kukosa nguvu: macho yanaona ukungu na akili inachanganyikiwa. Kwa hivyo dawa inawekwa ndani ya pakiti yenye kifuniko kidogo, kisha mgonjwa anatakiwa kukifungua kwa vidole vinavyotetemeka, viganja vyenye jasho na macho yasiyoona sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Kisukari kikikaa mwilini kwa miaka mingi hukaza ngozi na viungo vya vidole. Jaribu hivi: kutanisha viganja viwili mbele ya kifua, kidole kwa kidole, ukivibana. Kama vidole havilali bapa na nafasi inabaki katikati, viungo vyako vimeanza kukakamaa. Halafu kuna ganzi, inayomfanya mtu asijue amekamata kitu kwa nguvu kiasi gani. Ukiongeza baridi yabisi ya uzeeni, au mkono mmoja uliopooza kwa kiharusi, utaona ni watu wangapi katika mitaa yetu ambao kifuniko cha pakiti ni kama kufuli kwao.

Nao watengenezaji hawafanyi ukaidi. Pakiti hizi ni tabaka za karatasi ngumu, plastiki na utando mwembamba wa alumini, zilizobanwa ili hewa na vijidudu visiingie. Katika nyingi za siku hizi, kifuniko kinapozungushwa mara ya kwanza ndicho kinachokata utando ulio chini yake. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza ni mgumu kuliko yote inayofuata.

Zamani hata kifuniko hakikuwako. Ruben Rausing alianzisha kampuni ya Tetra Pak huko Lund, Uswidi, mwaka wa 1951, na pakiti zake za kwanza zilikuwa za pembe tatu. Sisi tuliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni, mpango ulioanzishwa na Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1979, tunazikumbuka pakiti za namna hiyo. Hakuna aliyetuletea mkasi darasani. Tulizing'ata pembe, na nadhani wengi wetu hatujaacha tabia hiyo hadi leo.

Kifunguo chenyewe

Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachouzwa katika baadhi ya maduka makubwa na maduka ya vyombo vya jikoni. Wauzaji hukiita opena tu, kwa hivyo ni lazima ueleze kwamba unataka ya pakiti wala si ya soda. Ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mpini mnene. Upande mmoja kina tundu lenye meno kwa ndani, linalokaa juu ya kifuniko na kukishika. Vingine vina kulabu ya kuvuta ile pete ya plastiki au kikaratasi cha alumini kilicho chini ya kifuniko, na vingine vina mwanya mwembamba uliofichwa wembe ndani yake, ambao hukata pembe ya pakiti lakini kidole hakiwezi kuufikia.

Uwezo wake hautokani na uchawi wowote. Kifuniko ni kidogo, na ukikizungusha kwa ncha za vidole nguvu yako nyingi inapotea. Mpini mrefu huzidisha nguvu hiyo, kama spana inavyofungua nati ambayo vidole vimeshindwa. Tena unaukamata kwa kiganja kizima, na kiganja huendelea kuwa na nguvu hata vidole vikishakakamaa.

Unaponunua, usitazame rangi. Mpe mgonjwa mwenyewe akijaribu, akitumia mkono mmoja ikiwa mwingine hauna nguvu. Cha mpini mwembamba kirudishe. Aidha, pakiti iwekwe juu ya kitambaa kilicholowa maji ili isiteleze mezani.

Kwa wale walio mbali na maduka, huko Wajir au Mandera, au wasiotaka kutumia fedha, mwombe fundi wa baiskeli kipande cha tyubu kuukuu chenye ukubwa wa kiganja. Kioshe kwa sabuni, kikauke, kisha kifunike juu ya kifuniko unapozungusha. Mpira haukubali kuteleza hata mkono ukiwa na jasho. Mimi nina kimoja katika meza yangu ya kazi na kimenigharimu salamu tu.

Wachana na meno, wachana na kisu

Ngozi ya nje ya jino ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini ikimeguka haioti tena. Kisu ni kibaya zaidi. Mtu hushika pakiti kwa mkono wa kushoto, anasukuma ncha ya kisu kwa wa kulia, kisu kinateleza na kuingia kiganjani au kwenye kidole. Kidonda huonekana kidogo, mtu akafunga kitambaa akaendelea na shughuli zake. Kumbe kano inayokunja kidole imekatika. Ukijikata na ukashindwa kukunja ncha ya kidole, au upande mmoja wa kidole ukafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kano iliyokatika hujivuta ndani na kuiunganisha baada ya wiki kadhaa ni kazi ngumu. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Pakiti ikishafunguliwa, ule ulinzi wote umekwisha. Maziwa ya muda mrefu huchemshwa kwa nyuzi zipatazo 135 au zaidi kwa sekunde chache, na yakiwa yamefungwa hukaa miezi bila friji. Yakifunguliwa ni maziwa kama mengine. Kwa joto letu la Garissa, usiyaache mezani tangu asubuhi ukategemea kuyanywa jioni.

Ukihisi dalili

Mwenye kisukari akiona sukari iko chini ya 3.9 wakati amefunga, anatakiwa kufungua papo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika kumi kabla ya adhana. Dini imemruhusu mgonjwa, na masheikh wengi wanasema kupima damu kidoleni hakubatilishi saumu. Anywe juisi yenye sukari, kiasi cha mililita 150, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya pakiti ndogo ya 250. Ile iliyoandikwa haina sukari haitamsaidia. Asubiri dakika 15, apime tena, na kama haijapanda arudie. Ikipanda, ale chakula. Kama hana juisi, vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji vinatosha. Aliyezimia asinyweshwe kitu, kwani kitaingia kwenye mapafu, akimbizwe hospitali. Hata wale wanaotumia vidonge vya glibenclamide wakapata nafuu nyumbani, ni afadhali waje tuwaangalie, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Mama yule alirudi kliniki baada ya Idi. Tulimbadilishia dawa, na nikamtolea pakiti na kifunguo kutoka kwenye droo. Mara ya kwanza alikiweka kichwa chini, mjukuu akacheka. Mara ya pili kifuniko kililia, kikazunguka. Akakiweka kifunguo kile kwenye mkoba wake bila kuniuliza, akaniambia ile juisi ninywe mimi.