Namba ya kartushi haisemi nguvu yake

Wandugu, kama umelima shamba huku kwetu Nyankunde ao pembeni ya njia ya Bunia, unajua hii: jembe inagonga kitu, unafikiri ni jiwe, unainama, kumbe ni kartushi. Watoto wanaokota maganda na kupuliza kama filimbi. Mkubwa moja anasema "hii ni ya kalashi," mwingine anasema "hapana, ni ya PKM," na wote wanaigeuza-geuza mkononi. Vita tumeishi nayo miaka mingi, lakini wengi kati yetu, hata sisi wenye diploma, hatujui ni kitu gani tunashika. Leo tuelezane.

Kartushi ni nini?

Kartushi iko na vitu vine. Kuna ganda, la shaba ya manjano ao la chuma. Ndani ya ganda kuna baruti. Chini, katikati ya kitako, kuna amorsi, kile kiduara kidogo chenye kinawasha moto. Juu kabisa kuna risasi yenyewe. Bunduki ikigonga amorsi, baruti inawaka, gesi inasukuma risasi mbele, na ganda linatupwa pembeni.

Kwa hiyo ukiona ganda wazi juu, risasi imekwenda. Lakini ukiona risasi ingali juu ya ganda, ile kartushi ni nzima, hata kama iko na kutu ya miaka 20. Na kama amorsi iko na alama ya kugongwa lakini risasi haikutoka, usiamini kama imekufa.

Namba zinasema nini?

Kartushi ya kalashi inaitwa 7,62 × 39. Namba ya kwanza ni kalibre, ni kusema upana, kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ganda. Kwa nini 7,62 na si 7 ao 8? Juu ni sehemu tatu za kumi za inchi, kipimo cha zamani.

Sasa, PKM inatumia 7,62 × 54. Kalibre ni ile ile, lakini ganda ni refu zaidi na baruti ni nyingi zaidi. Ile kartushi ilianza na bunduki ya Warusi ya mwaka 1891, na mpaka leo inafanya kazi. Kuna tena 5,56 × 45 ya bunduki za NATO, na 9 × 19 ya bastola.

Bunduki ya kuwinda iko na hesabu yake. Kalibre 12 haimaanishi milimita 12. Zamani walichukua ratili moja ya madini ya risasi, karibu gramu 453, wakaigawa kwa vidonge 12 vyenye kulingana. Upana wa kidonge kimoja njo upana wa mdomo wa bunduki: karibu milimita 18,5. Njo maana kalibre 20 ni ndogo kuliko kalibre 12. Ukigawa chakula kwa watu 20, kila mtu anapata kidogo.

Upana si nguvu

Hapa njo wengi wanakosea. Kuna kartushi ndogo inaitwa .22, yenye watu wa Ulaya na Marekani wanatumia kwa mchezo wa shabaha. Upana wake ni karibu milimita 5,6. Ile ya NATO, 5,56, iko karibu na upana ule ule. Weka risasi hizo mbili kando kando, unaweza kusema ni wandugu wa tumbo moja.

Lakini angalia hesabu. Ya .22 iko na gramu 2,6 na inatoka kwa metre kama 330 kwa segonde: nguvu yake ni karibu joule 140. Ya 5,56 iko na gramu 4, inatoka kwa metre zaidi ya 900 kwa segonde: karibu joule 1.700. Ni zaidi ya mara kumi! Sababu ni ile tulisoma ku fizike: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara ine. Bastola ya 9 mm, yenye wengi wanachukua kwa kujilinda, iko na kama joule 500 tu, hata kama ni pana kuliko kalashi. Kalashi iko na kama 2.000.

Kwetu hii si hesabu ya darasani tu. Ukuta wa miti na udongo, ao wa mbao, hauzuie risasi ya kalashi. Na ile risasi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Ukisikia masasi, usisimame nyuma ya ukuta kusikiliza. Lala chini kabisa, mbali na dirisha na mlango.

Umbo la risasi

Risasi ya kivita inafunikwa yote na koti la shaba ao chuma. Mara nyingi inapita mwilini na kuendelea. Risasi ya kuwinda wanyama wakubwa iko na ncha laini: ikigonga, inafunguka kama uyoga na kupasua sana ndani. Ingine iko na shimo ku ncha, na polisi wa nchi mingi wanaichagua juu inabaki mara nyingi ndani ya mwili wa yule amepigwa, haiendi kupiga mpita njia nyuma yake. Lakini vitani risasi za kufunguka zimekatazwa tangu tangazo la La Haye la mwaka 1899. Walikuwa wanaziita dum-dum, jina la mji wa India wenye Waingereza walizitengenezea.

Kalibre 12 inabeba vidonge: vidogo vingi kwa ndege, vikubwa vichache kwa swala na nguruwe wa pori. Karibu, vinakwenda pamoja na kufungua shimo moja kubwa. Mbali, vinatawanyika.

Ku kitanda cha mgonjwa

Kwetu Nyankunde, hospitali yenyewe ilishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002. Human Rights Watch iliandika kama watu angalau 1.200 waliuawa. Wengi kati yetu wenye tulisoma uganga tutapokea, siku moja, mtu wa risasi. Tukumbuke mambo matatu.

Kwanza, shimo la kuingia linadanganya. Linaweza kuwa dogo kama kidole, na ndani nyama imekufa kwa upana wa ngumi. Tibu jeraha, usitibu jina la bunduki.

Pili, jeraha la risasi halishonwe siku ya kwanza. Linasafishwa, nyama yenye imekufa inatolewa, linaachwa wazi, na kama ni safi linafungwa kisha siku 4 ao 5. Usisahau tetanosi.

Tatu, familia itakuambia: "Hatapona mpaka risasi itoke." Waelezee kwa upole. Mara mingi risasi yenye imetulia katika nyama inaweza kubaki, na kuitafuta kwa kisu kunaweza kuharibu zaidi. Ikiwa katika kiungo kama goti, hapo inatolewa.

Ukiikuta shambani

Usiiguse, usiigonge, usiitupe ku moto: ganda linapasuka na vipande vyake vinaweza kutoboa jicho la mtoto. Weka alama mbali kidogo, mwambie chef wa kijiji, naye ataita wenye kazi ya kutegua mabomu. Usiibebe nyumbani kama ukumbusho: tangu sheria ya mwaka 1985, silaha na kartushi bila ruhusa ni kosa.

Na kuna sababu ingine ya kuiacha pale. Ku kitako cha kartushi mingi kuna alama ya kiwanda na mwaka. Tangu Umoja wa Mataifa ulikataza, mwaka 2003, kuuzia silaha vikundi vya Ituri na Kivu, wachunguzi wake wanasoma zile alama kujua masasi yalipita njia gani. Kile kitako kidogo ni ushahidi. Mtoto akikifanya filimbi, ushahidi unapotea, na siku ingine atachukua ile yenye ingali nzima.

Jioni ya leo, uliza watoto wa nyumba yako: umeficha nini chini ya kitanda?