Fahamu: Saratani ya mfupa inayojificha nyuma ya goti

Osteosakoma ya kawaida, saratani inayoanzia ndani ya mfupa, hukua kwa kasi na kuuma hasa usiku. Ndugu yake, osteosakoma ya parosteali, haina haraka. Huota juu ya mfupa, mara nyingi nyuma ya mfupa wa paja, karibu kabisa na goti. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40.

Dalili ya kwanza huwa donge gumu lisilouma sana, au goti linalokataa kukunjika lote. Mtu anashindwa kuchuchumaa, anapaka dawa ya kuchua, miezi inapita, pengine miaka. Inasikitisha, maana ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika vizuri: takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye.

Kwenye eksirei huonekana donge jeupe, zito, limeng'ang'ania mfupa. Kwa kuwa hufanana na uvimbe usio saratani, kinyama hukatwa kikapimwe maabara.

Tiba ni upasuaji wa kuliondoa donge lote, pamoja na nyama kidogo yenye afya inayolizunguka. Likibaki hata kipande, hurudi. Kwa kawaida tibakemikali haihitajiki, ila baadhi ya madonge, hasa yaliyokaa muda mrefu au yanayorudi, hugeuka kuwa makali na kusambaa hadi mapafuni. Kwa hiyo hata baada ya upasuaji mgonjwa huendelea kupigwa picha za mguu na kifua kwa miaka mingi.