Goma: Kifaa cha kugundua gazi ya kupikia kinafungwa chini, si juu

Mjini Goma, familia zinazoacha makala na kupika kwa gazi zinapaswa kujua jambo moja: gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, inatambaa sakafuni, kama mazuku ambayo wakaaji wanayafahamu. Ndiyo maana kifaa cha kuigundua kinafungwa ukutani karibu na chupa, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, wala si nyuma ya kabati. Kikifungwa juu, kinaweza kulia wakati umekwisha kuchelewa.

Kila mwezi, bonyeza kitufe cha kujaribia na upanguse vumbi kwa kitambaa kikavu. Usipulize dawa ya mbu karibu yake. Kwa kuwa umeme hukatika, chagua chenye betri. Tarehe iliyoandikwa na kiwanda ikipita, nunua kingine.

Kikilia, usiwashe wala usizime taa. Funga chupa, fungua milango, toa watoto nje.

Lakini mazuku ni gazi kaboniki, haiwaki moto. Kifaa hiki hakiitambui. Hata ukiwa nacho, usimlaze mtoto mahali panapojulikana kuwa na mazuku.