Kelele, Kizingiti na Ugunduzi wa Ishara Dhaifu katika Seli ya Neva: Ufafanuzi wa Kihisabati

1.0 Utangulizi

Seli ya neva hupeleka taarifa kwa mipigo mifupi ya umeme. Adrian na Zotterman (1926) walionesha kwamba kichocheo kinapoongezeka nguvu, mipigo haiwi mikubwa zaidi, bali idadi yake kwa sekunde huongezeka. Kwa hiyo, ukubwa wa kichocheo husimbwa katika kasi ya mipigo. Swali linalobaki ni jinsi seli inavyogundua ishara iliyo dhaifu kiasi cha kutozalisha mpigo hata mmoja. Makala haya yanafafanua jibu linalotolewa na modeli sahili ya kizingiti, na kubainisha mipaka ya dai kwamba kelele huisaidia seli kugundua ishara. Neno kelele hapa lina maana ya mabadiliko ya nasibu ya volteji, wala si sauti.

2.0 Modeli ya Kizingiti

Hodgkin na Huxley (1952) walieleza chanzo cha mpigo kwa milinganyo minne, baada ya kuchunguza neva nene ya ngisi. Hata hivyo, kwa suala la ugunduzi, modeli yenye asili katika kazi ya Lapicque (1907) inatosha. Katika modeli hiyo, utando wa seli huchukuliwa kuwa kapasita inayovuja, mfano wa mtungi wenye ufa: maji yakiingia polepole, hayajai hadi ukingoni. Mlinganyo wake ni:

τ dV/dt = −V + RI

ambapo V ni volteji juu ya hali ya utulivu, R ni ukinzani, I ni mkondo unaoingia, na τ ni muda unaotawala kasi ya kuvuja. V inapofikia kizingiti θ, seli hutoa mpigo na V hurudi sifuri. Ikiwa mkondo haubadiliki na RI inazidi θ, muda baina ya mipigo miwili ni:

T = τ ln[RI / (RI − θ)]

Mathalani, τ ikiwa milisekunde 20, θ milivolti 15 na RI milivolti 20, T ni takriban milisekunde 28, yaani mipigo 36 hivi kwa sekunde. RI ikiwa milivolti 14, volteji huikaribia 14 na kuishia hapo. Seli hukaa kimya. RI ikiwa 12, ukimya ni uleule. Hivyo, tofauti kati ya 12 na 14 imo ndani ya seli, lakini haitoki nje.

3.0 Athari ya Kelele

Kelele hubadili hali hiyo. Kwa kurahisisha, volteji ichunguzwe katika nukta moja ya wakati, na kelele ifuate mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko sanifu σ. Jedwali lifuatalo linaonesha uwezekano wa volteji kuvuka milivolti 15.

Jedwali 1: Uwezekano wa kuvuka kizingiti

σ (mV) | Ishara ipo (14 mV) | Ishara haipo (12 mV) | Tofauti
0.3 | 0.000 | 0.000 | 0.000
1 | 0.159 | 0.001 | 0.157
2 | 0.309 | 0.067 | 0.242
10 | 0.460 | 0.382 | 0.078

Kelele ikiwa ndogo mno, hakuna kinachovuka. Ikiwa kubwa mno, seli hupiga karibu sawa, ishara iwepo au isiwepo. Tofauti hufikia kilele σ ikiwa karibu na 2. Hali hii huitwa resonansi nasibu. Ilipendekezwa mwaka 1981 ili kueleza mzunguko wa enzi za barafu duniani, kabla ya kuhamishiwa katika taaluma ya neva.

4.0 Mipaka ya Dai

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari mbili. Kwanza, kizingiti kikishushwa hadi milivolti 13 na kelele ikaondolewa, seli itapiga kila RI inapokuwa 14 na haitapiga kamwe inapokuwa 12. Kwa maneno mengine, kelele haiongezi taarifa yoyote kuhusu ishara. Inafidia tu kizingiti kilicho juu kuliko ishara. Faida yake ipo pale tu ambapo seli haiwezi kukisogeza kizingiti.

Pili, kiwango bora cha kelele hutegemea kipimo kinachotumika. σ ikiwa 2, tofauti ya uwezekano ni kubwa kuliko σ ikiwa 1. Lakini σ ikiwa 1, mpigo mmoja una uwezekano zaidi ya mara 100 wa kutokea ishara ikiwepo kuliko isipokuwepo. Σ ikiwa 2, uwiano huo hushuka hadi mara 5 hivi. Kiumbe ambaye tahadhari ya uongo humgharimu sana hatafaidika na kelele ileile inayomfaa kiumbe ambaye hasara yake kubwa ni kuikosa ishara.

5.0 Ushahidi na Hitimisho

Douglass na wenzake (1993) waliongeza kelele katika mwendo dhaifu wa maji uliogusa nywele hisi za mkia wa kamba wa maji baridi, na kukuta uwiano wa ishara kwa kelele ukipanda kisha kushuka, kama modeli inavyotabiri. Russell na wenzake (1999) waliendelea hadi kwenye tabia: samaki wa Marekani mwenye pua ndefu inayohisi umeme alikamata vijidudu vya majini kutoka mbali zaidi kelele ya umeme ilipokuwa ya wastani. Katika majaribio yote mawili, kelele iliongezwa na watafiti. Yanathibitisha kwamba mfumo wa neva unaweza kufaidika na kelele. Peke yake hayathibitishi kwamba mageuko yameiweka kelele hiyo kwa kusudi hilo.

Kutokana na ufafanuzi huu, utafiti wowote unaodai kwamba kelele huboresha ugunduzi hauna budi kueleza mambo matatu: kwa nini kizingiti hakisogei, ni kipimo gani kinachotumika, na kelele inatoka wapi. Bila hayo, kilele kinachoonekana katika jedwali kinaweza kuwa sifa ya kipimo kilichochaguliwa na mtafiti, si ya seli yenyewe.