Kifungua Mimba na Gari Jeusi

Katika sehemu 327 za tamthilia ya Supernatural, ninayoirudia kuliko zote ni ile ya bakuli la nafaka. Inaitwa "Something Wicked", ni ya 18 katika msimu wa kwanza, na Wamarekani waliiona mwaka 2006. Baba amekwenda mawindoni, amewaacha wanawe wawili kwenye chumba cha gesti ya kando ya barabara. Dean, mkubwa, ameagizwa asimfungulie mtu mlango na asimwondolee macho mdogo wake. Sam, mdogo, hataki tambi alizopashiwa. Anataka zile nafaka tamu za kwenye boksi. Zimebaki kidogo, na Dean mwenyewe hajazionja. Dean ananuna, anatupa tambi, anammiminia nafaka. Mtoto anaridhika, kisha anamnyooshea kaka yake kile kizawadi kilichokuwa ndani ya boksi.

Usiku wa tatu Dean amechoka kufungiwa. Anatoka kidogo tu, kwenda kwenye mashine za michezo. Anaporudi anakuta kiumbe kimeinama juu ya kitanda cha Sam, kinamfyonza uhai. Ni shtriga, mchawi wa hadithi za Albania anayekula uhai wa watoto. Baba anatokea ghafla, anafyatua risasi, kiumbe kinatoroka, mtoto anapona. Baba anamfokea Dean mara moja. Baada ya hapo hakulizungumza tena, lakini Dean, akisimulia ukubwani, anasema tangu siku hiyo baba alimtazama vingine.

Niliposikia maneno hayo mara ya kwanza niliisimamisha CD nikatoka uani.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wangu mitatu. Baba alikuwa dereva wa lori, akitoka Tanga na mzigo hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Kila alipopanda lori aliniambia neno lile lile: nimtazame mtoto. Siku moja, baada ya Alasiri, nilikwenda kucheza rede na wasichana wa nyumba ya jirani. Sikukaa sana. Mtoto alivuta sufuria ya uji jikoni, ukammwagikia mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Baba aliporudi alimbeba, akafungua kitambaa, akautazama mkono, kisha akanitazama mimi. Hakunipiga. Nina miaka arobaini na mitatu sasa, na bado naweza kuwaonyesha mahali aliposimama.

Kwa hiyo nikisikia watu wakiiita Supernatural tamthilia ya mashetani, nawaelewa, maana mashetani wamo tele. Lakini mimi nimeifuata kwa miaka yote hiyo kwa sababu ya kifungua mimba aliyekabidhiwa mtoto.

Kwa asiyeijua: ilibuniwa na Eric Kripke, ikaanza kuonyeshwa tarehe 13 Septemba 2005 na kwisha tarehe 19 Novemba 2020, misimu 15. Jensen Ackles ni Dean, Jared Padalecki ni Sam, na ukoo wao ni Winchester. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1983, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, mama yao anauawa chumbani kwa mtoto. Amening'inia darini, halafu moto unalipuka. Baba anamkabidhi Dean kile kichanga cha miezi sita na kumwamuru akimbie nacho nje bila kugeuka nyuma. Dean ana miaka minne. Anakimbia. Ukiitazama tamthilia yote mpaka mwisho utaona kwamba hakuwahi kumtua yule mtoto.

Baba yao, John, anageuka mwindaji wa viumbe wa giza na kuwalea wanawe garini, gesti hadi gesti. Gari lenyewe ni Chevrolet Impala nyeusi ya mwaka 1967, na buti yake imejaa chumvi, bunduki, visu na maji ya baraka. Mambo yao mengi hayamshangazi mtu wa Pwani. Mzimu huzuiwa kwa mstari wa chumvi mlangoni na dirishani. Ukitaka uondoke kabisa, unafukua mifupa, unaitia chumvi na kuichoma. Anayetaka kufanya biashara na shetani huenda njia panda, anafukia kikasha katikati, anasubiri. Nilipoiona hiyo nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akitushika mkono tuzunguke pembeni tukipita njia panda yenye sinia la mtu, yai na kipande cha nazi. Hata kwao, kumbe, barabara zinapokutana pana mwenyewe.

Jini ndiye waliyemkosea. Katika "What Is and What Should Never Be", ya mwaka 2007, Dean anakamatwa na jini mwenye mwili uliojaa michoro na mkono unaowaka buluu. Anamlaza mtu usingizi, anamwotesha kile anachokitamani kuliko vyote, huku anamnywa damu polepole. Anauawa kwa kisu cha fedha kilichochovywa katika damu ya kondoo. Kwetu mambo hayawi hivyo. Nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwa mganga, na jini niliyemsikia usiku alikuwa na jina, na kabila, na lugha yake, na alichokitaka. Alipandishwa kichwani kwa kiti chake, yaani mtu aliyempanda, akafukiziwa ubani, akaulizwa shida yake, akajibu. Yule ni mtu wa kupatana naye. Hawa wa kwenye televisheni wanamchoma kisu kabla hajasalimiwa.

Ila ndoto aliyomwotesha Dean sijaona iliyoandikwa vizuri kuipita. Anaamka na mama yake yuko hai. Hataki dhahabu wala ufalme. Anamkumbatia mama, anakula mkate aliotengenezewa, kesho yake anakata majani ya uani na uso wake unang'aa. Basi. Halafu anagundua mambo mawili. Watu wote aliowahi kuwaokoa katika maisha yake ya kweli wamekufa, kwa sababu huku hakuna aliyekwenda kuwaokoa. Na yeye na Sam hawapatani. Ni ndugu wa salamu tu, kwa kuwa hawakuwahi kuhitajiana. Ili aamke inabidi ajichome kisu mwenyewe, mbele ya mama yake anayembembeleza abaki. Nimejiuliza mara nyingi, wakati wa kuosha vyombo hasa: ningepewa mama, na malipo yake yawe kwamba mdogo wangu na mimi hatujuani sana, ningejibu nini? Siku nyingine jibu linakuja upesi, siku nyingine haliji.

Misimu mitano ya kwanza ni kitu kimoja, na mtu akiniomba ushauri namwambia aanzie hapo na asiruke hata sehemu moja. Kripke aliipanga iwe mitano. Baba anatoa roho yake ili Dean apone, Dean anatoa yake ili Sam afufuke, na deni linazidi kupanda hadi linawafikia malaika, ambao humu ni askari wakali wasio na huruma, isipokuwa Castiel wa koti refu, anayejifunza polepole. Sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, "Swan Song", ya Mei 2010, inawapeleka makaburini nje ya Lawrence ile ile. Lusifa ameuvaa mwili wa Sam na anampiga Dean ngumi za uso. Dean harudishi. Anamwambia mdogo wake kwamba yupo, hatamwacha. Jua linagonga kioo cha gari, na ndani, kwenye kisahani cha majivu ya sigara, kuna askari wa plastiki aliyekwamishwa na Sam alipokuwa mtoto. Sam anamwona. Anakumbuka. Kwa dakika chache anaurudisha mwili wake mikononi mwake, na hizo zinamtosha kujitupa shimoni na Shetani ndani yake.

Ulimwengu mzima umeokolewa na mdoli mdogo kuliko kidole gumba, na ninaamini kila hatua ya jambo hilo. Droo ya cherehani ya mama, ninayoshonea hadi leo, haifungi sawasawa. Mdogo wangu alitumbukiza vizibo vya soda nyuma yake alipokuwa na miaka mitano. Fundi ameniambia mara mbili kwamba ataitoa aisafishe. Nimemkatalia mara mbili.

Baada ya hapo Kripke akaachia wengine usukani, na tamthilia ikaendelea miaka kumi zaidi. Ilipanda na kushuka. Kifo cha Charlie, yule msichana wa kompyuta aliyekuwa kama dada yao wa kujichagulia, msimu wa kumi, sijakisamehe. Msichana mwerevu vile kukutwa amekufa kwenye beseni la kuogea, bila hata kutuonyesha alivyopigana. Wanawake wengi mno katika hadithi hii walikufa ili wanaume wapate cha kulilia. Lakini miaka hiyo hiyo ilileta "Baby", msimu wa 11, ambamo kamera haitoki ndani ya gari mwanzo hadi mwisho: unaona vita kupitia kioo, unawaona ndugu wawili wamelala viti vya mbele na nyuma wakizungumza. Aliyelelewa na dereva anaujua mlio wa mlango ule ukifungwa. Na misitu yote ile yenye ukungu inayoitwa Kansas au Nebraska ni ya Kanada, upande wa Vancouver. Nilipolijua hilo nilisikitika kidogo, kisha nikalizoea.

Mdogo wangu ndiye aliyeileta nyumbani, mwaka 2010, kwenye CD moja iliyobanwa misimu miwili, ya kuazima kibandani. Baadaye tukawa tunajaziwa kwenye flashi. Alipopata kazi ya umeme Mwanza, kila mmoja akawa anatazama kwake, tunapigiana simu.

Corona ilisimamisha upigaji picha Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili, wakamaliza Septemba. Ya mwisho, "Carry On", iliwagawa wapenzi wake. Wengi walikasirika kwamba Dean, aliyekwisha kupambana na Shetani na hata na Mungu mwenyewe wa hadithi ile, auawe na chuma cha nondo kilichochomoza kwenye nguzo ya banda, akipigana na wanyonya damu wa kawaida kuwaokoa watoto wawili wa mtu. Mimi nilikubali. Mtu aliyeishi kwa kuokoa watoto wa wenzake alikuwa akienda mahali kama pale miaka yote.

Mdogo wangu alikuwa amenitangulia. Aliniuliza, "Dada, umefika bandani?" Nikamwambia ndiyo naanza. Akasema hakati simu.

Dean hawezi kung'olewa pale nguzoni. Akiondolewa tu, anakufa hapo hapo. Anamzuia Sam asiite msaada, anamwomba akae naye. Anamweleza kwamba siku zote alikuwa akimwangalia kwa heshima, na kwamba Sam ndiye mwenye nguvu kuliko yeye. Halafu yule mkubwa, aliyeambiwa akiwa na miaka minne akimbie bila kugeuka, anamwomba mdogo wake ruhusa. Anataka kusikia kutoka kwake kwamba inatosha, anaweza kwenda. Na Sam, akilia, anampa.

Sikusema kitu. Upande wa pili nilisikia feni yake na pikipiki zikipita barabarani kwake. Baada ya muda akaniambia ule mkono hauna hata kovu la maana, dada, umebaki mstari tu karibu na kiwiko. Sikuwahi kumtajia habari ya mkono tangu akiwa mdogo.

Kisha salio lake likakatika, nikampigia mimi.