Chapati za jana zageuka pizza ya Kimeksiko, bila oveni

Hapa kwetu Malindi pizza si kitu kigeni. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoanza kuja kwa shughuli za kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na watalii wao wakafuata, mikahawa ya pizza imeenea mjini hadi Watamu. Vijana wetu wengi ndio wanaokanda ule unga na kusimama mbele ya joko. Lakini jioni wakirudi nyumbani, pizza inabaki kazini. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa oveni hatuna, na bei yake si ya mwenye watoto watano. Mimi naona majibu ya yote mawili yamo ndani ya hotipoti: chapati zilizobaki jana.

Iko pizza ya mtindo wa Kimeksiko isiyohitaji hamira wala joko. Hutumia tortilla mbili, katikati maharagwe na nyama ya kusaga, juu nyanya na jibini. Tortilla ya asili kule Meksiko ni ya mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa kisha yakasagwa. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo hupika pia za ngano, na hizo ni ndugu wa chapati yetu ya kusukuma. Hata mahindi, maharagwe mekundu, nyanya na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Vilitufikia baada ya Wareno kuanza safari zao huku, ambapo Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo ladha hii tunaijua, ila mpangilio tu ndio mpya.

Kwa watu wanne, tayarisha chapati 8 nyembamba za kusukuma (si za maji, hizo zitalainika), vikombe 2 vya maharagwe yaliyoiva, robo kilo ya nyama ya kusaga, nyanya 4, vitunguu maji 2, thomu, bizari nyembamba, pilipili, na jibini kiasi cha gramu 200.

Kaanga kitunguu kimoja na thomu, tia nyama, chumvi na kijiko kidogo cha bizari, ipike mpaka ikauke. Maharagwe yaponde kwa mwiko kwenye mafuta kidogo, moto uyakaushe mpaka yawe mazito kama uji wa kushika. Nyanya zipike peke yake na pilipili hadi maji yaishe. Hapa ndipo siri ilipo: maji yakibaki, chapati italowa na kukatika mkononi.

Sasa pasha kila chapati kwenye kikaango kikavu, pande zote mbili, mpaka ianze kukakamaa. Ya chini ipake maharagwe, tandaza nyama, funika kwa ya pili. Juu paka nyanya safu nyembamba, kisha nyunyiza jibini.

Kuyeyusha jibini bila oveni, mama zetu walishatufundisha kwa mkate wa sinia: palia. Weka pizza ndani ya sufuria pana, funika, makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Mwenye gesi atumie kikaango chenye mfuniko na moto mdogo kabisa. Mvuke utayeyusha jibini kabla chapati haijaungua.

Katika yote haya, kilicho ghali ni jibini peke yake. Mkono ukiwa mfupi, tia nusu yake, kisha ongeza kachumbari ya kitunguu, dania na ndimu, au parachichi lililopondwa, baada ya kuepua. Nyama nayo unaweza kuiacha, kwani maharagwe yanashiba.

Ikate vipande vinne na uile ingali moto, maana ikipoa hulegea. Na ndugu zangu mnaopika pizza mahotelini, ujuzi huo msiuache getini. Siku ya mapumziko washeni jiko, watoto nao waionje kazi ya baba au mama yao.